Neno la Kweli Lililowaua Makuhani wa Nobu

(Somo: 1 Samweli 21:1–9 na 22:6–23)



Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya kuzuia ulimi. Najua wako watakaosema moyoni, "Ni yale yale, tumeambiwa tusiseme uongo, nasi hatusemi." Basi, leo sina mengi juu ya uongo. Uongo ni dhambi, na kila mtoto wa shule ya Jumapili ajua hivyo. Nataka kunena habari ya neno la kweli, jinsi lilivyowaua makuhani 85 kwa siku moja, na mji wao baada yao. Twaeni Biblia zenu, mkasome polepole milango hiyo miwili niliyoitaja hapo juu, kisha mrudi tuzungumze.

Daudi alikuwa akimkimbia Sauli. Akafika Nobu, mji wa makuhani, hana chakula wala silaha, akamwambia kuhani Ahimeleki ya kuwa ametumwa na mfalme kwa shauri la siri. Huo ulikuwa uongo wa Daudi, wala Maandiko hayamfunikii. Ahimeleki hakujua lo lote. Akampa mikate mitakatifu iliyoondolewa mbele za Bwana, maana mingine haikuwapo, akampa na ule upanga wa Goliathi uliokuwa umefungwa ndani ya nguo. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: huyu ni mkwe wa mfalme, ni mtumishi wake mwaminifu, tena ana njaa, basi na ale.

Lakini siku ile palikuwapo mtu mwingine, Doegi Mwedomi, mkubwa wa wachungaji wa Sauli. Nawasihi mwangalie mahali alipokuwapo. Hakuwa kilabuni, wala sokoni, wala njia panda. Alikuwa mbele za Bwana, mahali pa ibada, kama mimi na wewe tulivyokuwa Jumapili iliyopita. Akatazama, akanyamaza, akaenda zake. Mtu angemwona siku ile angalisema, "Huyu ni mtu wa kuzuia ulimi." Kumbe hakuuzuia; aliliweka neno akiba, angoje bei.

Na bei ikaja. Sauli alikuwa ameketi chini ya mti, mkuki mkononi, na watumishi wake wamesimama kumzunguka, akawalalamikia ya kuwa hapana hata mmoja amwonaye huruma na kumfunulia habari. Akawauliza kama mwana wa Yese atawapa mashamba na mizabibu, na kuwafanya maakida. Yaani mfalme alikuwa akinunua maneno, na malipo ameyataja mbele ya wote. Ndipo Doegi akaifungua akiba yake. Akaeleza ya kuwa amemwona Daudi akija Nobu kwa Ahimeleki, na ya kuwa kuhani alimwuliza Bwana kwa ajili yake, akampa chakula, akampa na upanga.

Sasa pimeni. Je, Daudi alikwenda Nobu? Alikwenda. Mikate alipewa? Alipewa. Na upanga je? Huo naye alipewa. Doegi angaliapishwa mbele ya hakimu, angaliyarudia hayo pasipo kutetemeka. Ila liko jambo moja ambalo halikutoka kinywani mwake, nalo ni hili: Ahimeleki alidhani anamtumikia mfalme. Jambo hilo moja lingaliuokoa mji. Kwamba Doegi alilijua au hakulijua, Maandiko hayasemi. Lakini twaona hakuuliza. Alikuwa pale pale, kuhani yu karibu naye, angaliweza kumwendea na kumwuliza, "Baba, mbona umempa huyu upanga?" Hakumwendea. Alimpita yule aliyehusika, akaenda kwa yule mwenye mkuki.

Mwisho wake mmeusoma. Walinzi wa mfalme, watu wa vita, walikataa kuinyosha mikono yao juu ya makuhani wa Bwana. Doegi hakukataa. Aliyeanza kwa ulimi akamaliza kwa upanga, makuhani 85, kisha waume kwa wake wa Nobu, watoto na wanyonyao, ng'ombe na punda na kondoo. Akaokoka Abiathari peke yake katika wana wa Ahimeleki, akamkimbilia Daudi.

Hapo ndipo tuelewe vema amri ya nane tuliyoikariri tangu utoto. (Ndugu zetu wa makanisa mengine huiita ya tisa, kwa sababu wao huzihesabu amri kwa namna nyingine, amri ni ile ile.) Mwaka 1529 Martin Luther alipoieleza katika Katekisimu Ndogo hakuishia penye uongo. Alitudai tusimame upande wa jirani yetu asipokuwapo, na tendo lake tulichukue kwa namna iliyo njema kadiri iwezekanavyo. Na katika Katekisimu Kubwa ya mwaka ule ule alisema jambo ambalo walimu wetu wengi hulipita upesi: kuijua dhambi ya mtu ni jambo moja, na kupewa kazi ya kuihukumu ni jambo la pili. Nani amekupa kiti cha hakimu? Kama hukupewa, masikio yako na yawe kaburi, neno lizikwe humo hata siku utakapowekwa kuwa mwamuzi wake. Wala hakusema habari ya neno la uongo tu. Amesema hata kama ni kweli.

Naomba niseme hapa jambo lichomalo kidogo. Huyo aliyetufundisha hivyo, mwenyewe hakuuzuia ulimi wake sikuzote. Mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, aliandika kitabu juu ya Wayahudi kilichojaa matusi, akawashauri wakuu wachome masinagogi yao na kubomoa nyumba zao. Luther alikufa mwaka 1546, lakini maneno yale hayakufa pamoja naye. Katika siku za Hitler walioua Wayahudi kwa mamilioni waliyafufua. Na mwaka 1946, miaka 403 baada ya kitabu kile kupigwa chapa, mmoja wao aliyeshtakiwa mbele ya mahakama ya Nuremberg alijitetea kwa kulitaja jina la Luther. Makanisa ya Kilutheri yamekwisha kuyakataa maneno hayo waziwazi. Ndugu zetu wa Marekani walifanya hivyo mwaka 1994. Sisemi haya ili tumdharau aliyeturudishia Injili. Nasema ili asiwepo mzee wala mwalimu wala mchungaji katika sisi atakayedhani kwamba kazi yake njema yaulinda ulimi wake.

Sasa turudi kwetu, huku mlimani Kilimanjaro.

Mwajua jinsi maji ya mfereji yaendavyo. Hutoka banioni, juu karibu na msitu, yakashuka kihamba kwa kihamba, kila nyumba kwa zamu yake. Mtu akifungua usiku si zamu yake, hata akitubu asubuhi hawezi kuyakusanya. Yamekwisha kunywewa na migomba ya watu kumi. Neno nalo ni hivyo. Nasi tunazo njia zetu za kulifungua usiku ili tusionekane. Mmoja huanza, "Mimi si mtu wa kusema watu, lakini," na baada ya hiyo lakini hupita mfereji mzima. Mwingine husema, "Nakuambia wewe peke yako," naye amekwisha kuwaambia watano peke yao. Na iko njia moja iliyo ya Wakristo hasa, ambayo mataifa hawanayo: ni kulivika neno kanzu ya maombi. "Ndugu zangu, tumwombee binti wa fulani, Mungu amsaidie katika hali ile aliyo nayo." Hali gani? Kabla ya Amina watu wote wamefumbua macho. Mungu aliyaona mambo ya binti yule tangu mwanzo, wala hakuwa na haja ya kuarifiwa kwa sauti kuu.

Zamani neno lilikwenda kwa miguu, likapumzika njiani, na pengine lilichoka kabla ya kufika. Siku hizi lapanda simu ya mkononi, likafika Moshi na Dar es Salaam kabla aliyelituma hajamaliza kikombe chake cha chai, tena pamoja na picha. Simu haikuumba dhambi hii, Doegi hakuwa nayo. Ila imemwondolea mtu ile nafasi ya kujuta njiani.

Tena tunayo mithali tunayoipenda mno, ya kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga wetu walitupa hekima nyingi, nami huzitumia mimbarani, lakini hii imewaumiza watu wengi wasio na hatia kuliko mithali yo yote niijuayo. Ni kama kusema kwamba moshi wa kuwashwa na adui ni ushuhuda wa moto nyumbani mwako. Wahenga hao hao walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mbona hiyo hatuikumbuki tuketipo barazani?

Nitawaambieni habari yangu mwenyewe, maana aonyaye wenzake juu ya moto yafaa aonyeshe kovu lake.

Mwaka 1988 nalikuwa mwinjilisti kijana katika mtaa mmoja huku mlimani, ambao sitautaja. Mtunza hazina wetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mkimya, mwenye kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Tulifanya Sikukuu ya Mavuno. Watu wakaleta mikungu ya ndizi, maharagwe, mahindi, kuku, na mbuzi wawili, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada kama ilivyo desturi, na fedha zikawekwa mikononi mwake hata siku ya kupelekwa usharikani. Siku ya Jumatano nikashuka sokoni. Nikamwona mzee yule mlangoni pa duka, anahesabu noti, na vijana wanapakia mabati 24 juu ya mkokoteni. Yeye hakuniona.

Jioni nikaketi nyumbani kwa rafiki yangu, nikamwambia, "Leo nimemwona mzee wetu sokoni ananunua mabati." Ni hayo tu. Sikusema ameiba. Fedha za mavuno sikuzitaja hata kidogo. Lakini nanena mbele za Mungu: baada ya neno lile nalinyamaza kidogo, nikamtazama rafiki yangu usoni, nikangoja. Kunyamaza kule ndiko kulikosema yaliyobaki. Rafiki yangu akaitikia, "Ahaa."

Alhamisi neno lilikuwa mferejini kwa wachotao maji. Ijumaa mabati yalikuwa 40. Jumamosi ilisemwa kwamba anajenga duka. Jumapili, alipopita na kapu la sadaka, akina mama wawili wa benchi la nyuma waliishika sadaka yao mikononi wasiitie, hata alipokwisha kupita. Nami naliwaona kutoka mahali pangu kule mbele. Mzee naye aliwaona.

Mchungaji akaliita baraza. Mzee akaja na daftari na kisanduku, fedha zikahesabiwa mara mbili mbele ya wote, zisipungue hata senti moja. Mabati yale yalinunuliwa kwa fedha za mwanawe aliyefanya kazi bandarini Tanga, ambaye kwa miaka mitatu aliweka akiba kwa kuwa nyumba ya wazazi wake ilikuwa ikivuja. Na karatasi ya posta ilikuwapo. Baraza likamwona hana hatia, na mchungaji akaahidi kutangaza hivyo kanisani. Ndipo mzee akauweka ufunguo wa kisanduku mezani, akaomba apewe mtu mwingine. Wakamsihi sana. Akakataa kwa upole.

Mwandishi wa baraza lile nalikuwa mimi. Nami kwa mkono wangu niliandika ya kwamba haikuweza kujulikana habari zile zilianzia wapi.

Basi ninyi walimu na wazee wenzangu, maneno haya nawaandikia ninyi kwanza. Mtu wa kawaida husikia habari za jirani yake kwa bahati, sisi huletewa. Twaitwa penye kitanda cha mgonjwa usiku, naye atuambia jambo ambalo hakumwambia mkewe. Twaketi barazani, twasikia aibu ya nyumba ya mtu tangu chumba cha ndani. Hayo si mali yetu. Mzee wa kanisa atokapo barazani, naye mkewe amwulize, "Leo mmezungumza nini?", yampasa awe na jibu moja tu: "Mambo ya kanisa." Mke mwema atakasirika mara mbili tatu, kisha ataona fahari kuwa na mume wa namna hiyo. Wala msidhani watu hawajui nyumba ipi ivujayo. Wanajua. Ndiyo sababu wengine hawaji tena kwetu na mizigo yao, huenda kwa waganga. Maana mganga, kwa ajili ya faida yake, hufunga kinywa.

Nawakumbusha pia hao walio chini ya maonyo ya kanisa. Nimemwona binti akipiga magoti mbele ya madhabahu saa nne, akapokewa kundini, wote wakaitikia Amina. Na saa sita, njiani, akahukumiwa tena na wale wale walioitikia, na hukumu ya njiani haina mwisho wala haina msamaha. Kanisa likisema, "Umesamehewa," ni nani huyo aliyebaki na faili?

Lakini najua mtu mwingine anasoma haya na kufurahi vibaya. Yuko mume ampigaye mkewe, yuko mtu mzima aharibuye mtoto, yuko mkubwa alaye mali ya kanisa, naye atasema, "Mmesikia? Nyamazeni, msiliaibishe kanisa." Huyo ajue ya kuwa sikumwandikia kinga. Nathani alipojua dhambi ya Daudi juu ya Uria na mkewe hakunyamaza. Alimwendea mfalme mwenyewe, akamwambia usoni pake, ingawa mfalme aliweza kumwua. Petro alipokosa mbele ya watu huko Antiokia, Paulo alimkanya mbele ya watu, nasi twaisoma habari hiyo mpaka leo katika waraka kwa Wagalatia. Luther naye asema wazi, katika ile ile Katekisimu Kubwa, kwamba wako waliopewa kazi ya kusema: wenye serikali, wahubiri, baba na mama; na ya kuwa uovu uliofanywa hadharani hukemewa hadharani. Mtoto akiumizwa, aliyeona na aende kwa mzazi, kwa mchungaji, kwa polisi, leo hii, asingoje mwisho wa juma. Kumwambia mama aliyepigwa avumilie kimya ili jina la mzee fulani lisichafuke si kuzuia ulimi. Ni kuushika ulimi wa mwingine.

Mwaniuliza tutajuaje tofauti. Mimi hutazama jambo moja, wapi neno linapelekwa. Bwana wetu ametuonyesha njia katika Mathayo mlango wa 18: kwanza kwa ndugu mwenyewe, mkiwa wawili, asiposikia, pamoja na mmoja au wawili, kisha kwa kanisa. Hiyo ni njia ya neno linalotafuta kuponya, nayo kila hatua humkaribia yule aliyekosa. Njia ya Doegi humzunguka. Kama namwambia mtu ambaye hawezi kulitengeneza jambo lile, wala hakuomba kulijua, ila atafurahi kulisikia, hapo nimekwisha kujua niko njia ipi, hata kama kila neno langu laweza kuapiwa.

Tena niseme wazi: sijaona mtu aliyeushinda ulimi kwa kukusudia tu. Nimekusudia mara nyingi kila Mwaka Mpya. Yakobo, ambaye katika mlango wa 3 wa waraka wake ameufananisha ulimi na usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa, na cheche ichomayo msitu, afikapo penye dawa atuvunja moyo kabisa, maana asema hakuna mwanadamu awezaye kuufuga. Wanyama wa kila namna hufugwa, ulimi hapana. Sisi tuliozaliwa chini ya msitu huu twajua moto wa kiangazi. Watu hukata njia ya moto, hupiga kwa matawi mabichi, hulia, na mwisho hungojea mvua.

Isaya alipomwona Bwana hekaluni hakulia habari ya mikono yake wala miguu yake, alilia habari ya midomo yake, na ya kuwa akaa kati ya watu wenye midomo kama hiyo. Wala hakuambiwa ajitahidi. Kaa la moto lililetwa kutoka madhabahuni, likamgusa pale pale palipo na uchafu, akaambiwa ya kuwa dhambi yake imeondolewa. Ndipo baada ya hayo akaulizwa habari ya kutumwa. Aliondolewa dhambi kwanza, akapewa neno la kusema baadaye. Na kaa letu ni Kristo, ambaye mbele ya Herode aliulizwa maneno mengi, angaliweza kusema kweli tupu juu ya nyumba ile ya Herode, akanyamaza. Na pale msalabani, alipofungua kinywa, aliwaombea msamaha waliomwua.

Kisha mtazameni Daudi katika mlango ule ule wa 22. Abiathari alipomletea habari za Nobu, Daudi hakusema, "Doegi ni mtu mbaya," ingawa ilikuwa kweli. Alikiri ya kuwa alimwona Doegi siku ile, akajua hakika atasema, na ya kuwa yeye Daudi ndiye aliyeleta kifo juu ya nyumba yote ya baba yake. Kisha akamwomba akae kwake pasipo hofu, maana anayeitafuta roho ya mmoja anaitafuta na ya mwenziwe. Sijui Abiathari alihisije kulala katika kambi ya mtu huyo. Lakini alikaa.

Neno hilo ndilo lililonipeleka kwa mzee wangu. Miezi minne ilikuwa imepita. Meza ya Bwana ilikuwa imeandaliwa mara mbili, nami mara zote mbili nilijipa safari mahali pengine. Nilikwenda kwake jioni moja ya masika, mvua kubwa. Mabati yale yalipiga kelele juu ya vichwa vyetu hata ilinibidi kuungama kwa sauti kuu, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mkewe hakusikia, akauliza, "Mwalimu anasemaje?"

Mzee akanijibu, "Mwalimu, nalijua tangu siku ya baraza. Ulipofika pale pa kuandika habari zilianzia wapi, kalamu yako ilisimama."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukunitaja?"

Akasema, "Ningalikutaja, wangalikuondoa. Watoto walikuwa wamefika katikati ya Katekisimu." Akanyamaza, akasikiliza mvua. Kisha akasema, "Sasa nenda ukaseme pale uliposema."

Nikaenda. Nilianza kwa rafiki yangu, naye akanitajia nyumba mbili, na hizo zikanitajia nyingine, nami nikazifuata moja moja kwa siku tisa, kama mtu afuataye mfereji kuelekea chini. Nyumba nyingine walilia pamoja nami. Nyingine walikwisha kusahau, na kwa kuja kwangu nikawakumbusha. Nyumba moja waliniambia kwa upole kwamba wamenisikia, nami nilipofika nje ya mlango nikamsikia mwenye nyumba akisema, "Sijui mzee amempa mwalimu kiasi gani." Kwa huyo nalirudi mara tatu, wala hakuniamini mpaka leo.

Ufunguo wa kisanduku mzee hakuupokea tena, hata alipofariki mwaka 2003. Lakini Jumapili ile ya Chakula cha Bwana iliyofuata baada ya siku zile tisa, mchungaji alipotuita, nalitoka kwenye kiti changu cha mbele nikapiga magoti, nami sikuthubutu kutazama kando. Nikasikia viatu vikija polepole kutoka benchi la nyuma, vikasimama karibu nami, na mzee akapiga magoti upande wangu wa kuume.